Injini Zilezile, Barabarani na Angani

Wapenzi wa magari ya kale na wapenzi wa ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia hukutana mara nyingi katika viwanja vilevile vya maonyesho, lakini kila kundi husimama upande wake. Huku watu wameinamia boneti iliyofunguliwa, kule wamesimama chini ya bawa wakihesabu ribiti. Mimi ni wa upande wa magari. Nilikaa huko miaka mingi kabla ya kuzijali ndege, na nilipoanza kuzisoma nilishangaa kuona kwamba tayari nilikuwa nimezisoma nusu yake. Ufundi ni uleule, viwanda mara nyingi ni vilevile, na zaidi ya mara moja hata majina ya watu ni yaleyale. Mtu aliyewahi kufungua kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ya gari la miaka ya 1920 kwa mikono yake anao tayari ufunguo wa kuelewa jambo lililowasumbua sana marubani wa Uingereza mwaka 1940. Nitalifikia jambo hilo, maana ndilo lililonibadilisha.

Gari lililonifunza ni Ford Model T. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kwa hiyo si gari adimu, na ndiyo sababu mtu asiye tajiri anaweza bado kuligusa, kulifungua na kulifunga tena. Injini yake ina silinda nne, ujazo wa lita 2.9, nguvu za farasi 20 tu. Lakini hizo 20 huzipati bure. Kushoto kwa usukani kuna mkono mdogo wa kuwahisha au kuchelewesha cheche za plagi. Kulia kuna wa kuongeza mafuta. Pedali ziko tatu na hakuna hata moja ya mafuta: ya kushoto ni ya gia, ya katikati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ni breki. Dereva mzuri wa gari la leo akikaa hapo anakuwa mgeni kabisa.

Mzee aliyenifundisha kuliwasha hakuniruhusu kugusa hendeli ya kuzungushia injini mpaka nimtajie kwa mdomo kila nitakachofanya. Nikataja: breki ya mkono imefungwa, cheche zimecheleweshwa, nashika hendeli.

"Unaishikaje?" akauliza.

"Kwa nguvu, Mzee."

"Hapana, mwanangu. Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake. Usiizungushie. Na vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirusha hendeli nyuma, ikute mkono wako uko tayari kuachia."

Cheche zikiwahi kabla pistoni haijafika juu, mlipuko huisukuma injini kinyume, na hendeli hurudi kwa nguvu inayovunja kifundo cha mkono. Watu wengi walivunjika mikono hivyo. Ndiyo maana stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering na kuanza kufungwa katika Cadillac za mwaka 1912, ilipokewa kama ukombozi.

Somo nililolipata hapo halikuwa la mkono peke yake. Katika gari la leo kompyuta huamua wakati wa cheche mara maelfu kwa dakika, na dereva hajui hata kama kuna uamuzi unaofanyika. Katika Model T uamuzi ni wako. Ukipanda mlima unachelewesha cheche kidogo, ukishuka tambarare unawahisha, na sikio lako ndilo kipimo. Nilijifunza kuitambua sauti ya injini iliyokosa mafuta na kuitofautisha na ya injini iliyozidiwa nayo. Ya kwanza hukohoa kavu, hupiga chafya kupitia kabureta. Ya pili huvuta kwa uzito, hutoa moshi mweusi, na hewa yote hunuka petroli. Nilipojua tofauti hiyo sikujua kwamba siku moja ingenifafanulia mapigano ya angani.

Hata njia ya mafuta yenyewe ni somo. Model T haina pampu ya mafuta. Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake tu. Tangi likikaribia kuisha na mlima ukiwa mkali, tangi huwa chini ya kabureta na injini hufa. Madereva wa zamani waligeuza gari na kupanda mlima kinyumenyume. Nimelifanya jambo hilo mwenyewe, na tangu siku hiyo sijawahi tena kulisoma neno "mafuta" katika historia ya mashine bila kujiuliza: yanafikaje huko, na mashine ikiinama yanakwenda wapi?

Nilipotaka kujua injini hizi zilitoka wapi, kila njia niliyoifuata iliishia kwenye uwanja wa ndege. W. O. Bentley, kabla jina lake halijawa la magari ya kifahari, alikuwa kijana aliyeamini kwamba pistoni ya aluminiamu ni bora kuliko ya chuma cha kutupwa, kwa sababu ni nyepesi na hutoa joto haraka. Alizijaribu katika magari ya mashindano kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipoanza, maarifa hayo yaliingia katika injini za ndege, na injini yake mwenyewe, BR1, ikafungwa katika ndege za Sopwith Camel. Kampuni yake ya magari aliianzisha mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha.

Kwa Wafaransa hadithi ilikwenda hivyohivyo. Injini ya V8 ya Hispano-Suiza, kazi ya Marc Birkigt, iliendesha ndege za SPAD. Miongoni mwa waliozirusha alikuwemo Georges Guynemer, aliyepotea vitani Septemba 1917, na kikosi chake kilikuwa na picha ya korongo ubavuni mwa ndege. Baada ya vita korongo yule akawekwa juu ya rejeta ya magari ya Hispano-Suiza, na yuko hapo hadi leo kwenye yale yaliyosalia. Yule farasi mweusi wa Ferrari naye alikuwa alama ya rubani wa Italia, Francesco Baracca, aliyeuawa mwaka 1918; mama yake ndiye aliyempendekezea Enzo Ferrari aitumie. Watu hupiga picha mbele ya alama hizi kila siku. Nami nilizitazama miaka mingi nikiziona nembo nzuri tu, na siku nilipojua kwamba nyuma ya kila moja kuna kijana aliyekufa angani, nikaanza kuzitazama kwa heshima tofauti.

Mahali ambapo yote haya yanaonekana kwa macho ni Brooklands, kusini-magharibi mwa London. Ulikuwa uwanja wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa mashindano ya magari, ukafunguliwa mwaka 1907. Njia yake ni ya zege, na kwenye kona imeinuliwa ukutani kiasi kwamba mtu akijaribu kuipanda kwa miguu anahema. Sehemu za kuta hizo bado zipo, zimepasuka na kuota majani. Nilipanda moja nikasimama juu yake muda mrefu. Picha hazikuandai kwa ukubwa wake.

Ndani ya uwanja huohuo palikuwa na njia ya kurukia ndege na viwanda vya Vickers na Hawker. Ndege ya kivita ya Hurricane, kazi ya Sydney Camm, iliruka mara ya kwanza kutoka Brooklands tarehe 6 Novemba 1935. Mwezi mmoja tu kabla, Oktoba 1935, John Cobb alikuwa ameweka rekodi ya mzunguko mmoja kwenye zege ileile: kilomita 230.84 kwa saa. Rekodi hiyo haikuvunjwa kamwe, kwa sababu mashindano yalikoma mwaka 1939 na viwanda vya ndege vikachukua eneo lote.

Gari la Cobb, Napier-Railton, lipo Brooklands na ninaliona kuwa kitu cha kufundishia kuliko vitabu vingi. Injini yake ni Napier Lion ya lita 24, silinda 12 zilizopangwa kwa safu tatu za nne nne, injini iliyobuniwa kwa ajili ya ndege. Breki ziko magurudumu ya nyuma tu. Sasa fuata uzi huu. Injini ya ukoo huohuo wa Napier Lion iliendesha ndege ya majini ya Supermarine S.5 iliyoshinda Kombe la Schneider huko Venice mwaka 1927. Mbunifu wa S.5 alikuwa R. J. Mitchell. Miaka minne baadaye Mitchell alishinda tena kombe hilo kwa S.6B, safari hii na injini ya Rolls-Royce R ya lita 37. Injini za R hazikuishia hapo: Malcolm Campbell alifunga moja katika gari lake la Blue Bird, na Septemba 1935, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Marekani, akawa mtu wa kwanza kuvuka maili 300 kwa saa barabarani, takriban kilomita 483. Mafunzo ya Rolls-Royce kuhusu kusindilia hewa ndani ya injini na kuhusu aina za mafuta yaliingia katika injini yao ya ndege iitwayo Merlin. Na Mitchell, tarehe 5 Machi 1936, aliona ndege yake mpya yenye injini ya Merlin ikiruka kutoka Eastleigh. Ndiyo Spitfire. Alifariki kwa saratani mwaka uliofuata, akiwa na miaka 42, bila kuona hata moja ikipigana.

Anayetaka kuziweka rekodi za magari kwenye rafu moja na historia ya ndege kwenye rafu nyingine atalazimika kuukata uzi huo vipande vipande.

Hapohapo Brooklands kuna ndege ya mabomu ya Wellington iliyotolewa ndani ya ziwa Loch Ness, Uskoti, mwaka 1985. Ilitua majini tarehe 31 Desemba 1940, injini moja ikiwa imeharibika katika dhoruba ya theluji wakati wa mafunzo. Mpiga bunduki wa nyuma aliruka na parachuti na akafa, wengine wakanusurika. Mifupa ya aluminiamu ya ndege hiyo, ubunifu wa Barnes Wallis, imesukwa kama kikapu, ikavikwa kitambaa. Risasi zikikata ukili mmoja, mingine hubeba mzigo, na ndiyo maana Wellington nyingi zilirudi nyumbani zikiwa na matundu ambayo ndege nyingine isingeyavumilia. Na John Cobb yule wa Napier-Railton alifia katika ziwa hilohilo la Loch Ness mwaka 1952, akijaribu rekodi ya mwendo majini. Gari lake na ndege iliyotoka kwenye maji yale sasa viko chini ya uangalizi wa makumbusho mamoja. Sijui nilisimama pale muda gani nikiangalia huku na huku.

Sasa nirudi kwenye kabureta.

Ndani ya kabureta ya kawaida kuna chumba kidogo cha mafuta na boya ndani yake. Mafuta yakipungua, boya hushuka na kufungua tundu la kuingiza mengine. Yakijaa, boya hupanda na kuliziba. Mfumo huu ni rahisi, na hufanya kazi vizuri maadamu chini ni chini na juu ni juu. Katika gari haya ni masharti mepesi. Katika ndege ya kivita si hivyo. Merlin za mwanzo wa vita zilikuwa na kabureta ya boya. Rubani wa Spitfire au Hurricane akisukuma usukani mbele ghafla ili kupiga mbizi, kila kitu ndani ya ndege huelea kuelekea juu, pamoja na petroli. Kwanza injini inakosa mafuta, inakohoa. Kisha, kwa kuwa boya limekwenda mahali pasipo pake, pampu inaendelea kumimina mafuta bila kizuizi, kabureta inafurika, na injini inanyong'onyea kwa moshi mweusi. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt Bf 109 zenye injini ya Daimler-Benz DB 601 zilikuwa na mfumo wa kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hazikujali kuinama wala kupinduka. Rubani wa Kijerumani aliyefuatwa kwa nyuma alisukuma pua chini akatoweka. Mwingereza aliyetaka kumfuata ilimbidi kwanza aipindue ndege chali ndipo avute kuelekea chini, na sekunde hizo zilitosha kumpoteza adui, au kumpa nafasi ya kurudi.

Niliposoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza sikuhitaji mchoro. Nilizisikia zile sauti mbili, kikohozi kikavu kisha uzito wa mafuta kuzidi, sauti ambazo Mzee alinifunza kuzitofautisha mbele ya gari la nguvu za farasi 20.

Aliyeleta nafuu alikuwa mwanamke mhandisi aitwaye Beatrice Shilling, wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Na yeye ni mtu wa Brooklands. Mwaka 1934 aliendesha pikipiki ya Norton kwenye zege ile kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa kwa mzunguko mmoja, akapewa nyota ya dhahabu waliyopewa wachache. Mtu huyu alijua kabureta kwa mikono yake. Suluhisho alilolipata lilikuwa kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, kilichofungwa kwenye njia ya mafuta. Ukubwa wa tundu ulihesabiwa ili lipitishe mafuta yanayohitajiwa na injini ikiwa katika nguvu zake zote, yasizidi hapo. Mafuriko yakakoma. Kikohozi cha kwanza kilibaki kwa sehemu, lakini injini haikuzimika. Kizuri zaidi, ndege haikuhitaji kurudishwa kiwandani. Mapema mwaka 1941 Shilling na kikundi kidogo walizunguka viwanja vya ndege wakivifunga vipande hivyo, ndege moja baada ya nyingine. Dawa kamili, kabureta isiyotegemea boya, ilikuja baadaye katika vita.

Ninampenda mhandisi huyu kwa dhati. Katika maonyesho mengi watu husimuliwa habari za marubani, na wanastahili, lakini ningependa kila penye Spitfire pawe na maelezo ya kipande kile cha shaba. Kingewafundisha vijana kwamba tatizo la vita kubwa liliweza kupunguzwa na mtu aliyeelewa vizuri jambo dogo.

Viwanda vya magari navyo viliingia humo kwa uzito wote, na hapa nitapita haraka. Ford ya Uingereza ilijenga kiwanda Trafford Park, Manchester, kutengeneza Merlin. Wahandisi wake waliona kwamba michoro ya Rolls-Royce iliruhusu tofauti kubwa mno za vipimo, kwa kuwa mafundi wa Rolls-Royce walizoea kusawazisha kila kipande kwa mkono mpaka kikae. Kwa watu waliozoea magari ya bei nafuu yanayotoka kwa maelfu, kipande chochote lazima kikae mahali pake bila kupigwa msasa. Wakaichora michoro upya kwa vipimo vikali zaidi. Kwa hiyo kiwanda cha magari ya watu wa kawaida ndicho kilichodai usahihi mkubwa zaidi, jambo ambalo wapenzi wengi wa magari ya kifahari hawapendi kulisikia. Zilitoka huko Merlin zaidi ya 30,000, nyingi kwa mikono ya wanawake waliokuwa hawajawahi kushika spana kabla ya vita. Packard, kampuni ya magari ya Detroit, ikatengeneza nyingine zaidi ya 55,000. Na Willow Run, kiwanda cha Ford huko Michigan, kilipofikia kilele chake mwaka 1944 kilitoa ndege moja ya mabomu ya B-24 Liberator karibu kila saa.

Kitu kingine nilichojifunza, na hiki kilinichukua muda, ni kuziamini karatasi kuliko hadithi. Kila mashine ya kale huja na hadithi. Mara nyingi ni nzuri, na mara nyingi husimuliwa na mtu mwaminifu aliyeipokea kwa mwaminifu mwingine. Niliwahi kuombwa na rafiki nimsaidie kuchunguza gari dogo la michezo la viti viwili, ambalo familia iliyomuuzia ilisema liliendeshwa na rubani wa ndege za mabomu wakati wa vita. Lilikuwa la aina iliyotengenezwa kabla na baada ya vita kwa umbo linalofanana sana. Tuliosha kibati cha chasisi kwa mafuta ya taa na brashi laini, bila msasa, tukaisoma namba. Namba hiyo ilikuwa ya gari lililotoka kiwandani mwaka 1946. Kisha tukatafuta jina la rubani. Kumbukumbu za kila siku za vikosi vya anga vya Uingereza zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London; zinataja nani aliruka, na ndege ipi, saa ngapi aliondoka, na kama alirudi. Kwenye ukurasa wake, mwaka 1943, nafasi ya saa ya kurudi ilikuwa tupu.

Rafiki yangu alisikitika kwa siku kadhaa kuhusu gari. Halafu akaanza kumsikitikia yule kijana, na hapo ndipo utafiti wake ulipoanza kweli. Jina liko kwenye mnara wa Runnymede, pamoja na majina mengine zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi linalojulikana. Gari linaendelea kuwa gari zuri la 1946, na anaeleza hivyo kwa kila anayeuliza.

Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza pekee ilipoteza watu 55,573. Chini ya ndege hizo, katika miji ya Ujerumani kama Hamburg na Dresden, walikufa makumi ya maelfu ya raia, na kabla ya hapo raia wa London, Coventry na Rotterdam walikuwa wamekufa kwa mabomu ya Wajerumani. Sioni namna ya kuipenda injini ya Merlin kwa haki bila kuzibeba hesabu hizi zote pamoja. Nimesikia watu wakisema kwamba ni bora tuzungumzie mashine tu, mengine ni siasa. Siwezi. Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, ilikuwa na injini nne ili ibebe mabomu mengi. Ukiieleza injini bila kusema mzigo ulikuwa nini, hujaieleza injini.

Heshima hiyo ina upande wa sheria pia. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka, na ni kosa kuyachimba au kuyahamisha bila kibali cha Wizara ya Ulinzi. Nimewahi kutembea juu ya mlima ambako vipande vya aluminiamu bado vinang'aa katikati ya mawe. Kuna wanaoondoka na kipande mfukoni wakidhani wanaokoa historia. Kipande kilicho mahali pake kinamweleza mtafiti ndege iligonga kwa pembe ipi na ilitoka upande gani. Kikishafika kabatini kwa mtu, hakimwelezi mtu yeyote chochote.

Na kuna upande wa afya ambao wanunuzi wa vifaa vya kale wanaupuuza mno. Saa na vipimo vingi vya ndege za vita vilipakwa rangi yenye radiamu ili vionekane gizani. Mtu akikuta kipimo kisichong'aa tena hudhani sumu imekwisha. Kilichokwisha ni kemikali inayong'aa; radiamu yenyewe huchukua miaka takriban 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue namba, usiitengenezee saa hiyo kwenye meza ya chakula. Nikiona kijana ameshika kimoja mkononi na bisibisi mkono wa pili, namsimamisha hata kama simfahamu.

Je, mashine hizi ziwashwe na kurushwa, au zikae zimetulia kwenye makumbusho? Nimesikia mabishano haya yakiendelea hadi usiku. Kati ya Lancaster 7,377 zilizotengenezwa, mbili tu ndizo zinazoweza kuruka, moja Coningsby, Uingereza, na nyingine Hamilton, Kanada. Mtu aliyesikia Merlin nne zikipita juu ya kichwa chake hatakubali kirahisi zinyamazishwe. Tena injini isiyozungushwa hufa polepole: mihuri hukauka, maji hukaa kwenye vyumba vya aluminiamu na kuila kwa ndani, petroli yenye ethanoli hulainisha mipira ya zamani mpaka imenyuke. Msimamo wangu ni kwamba iliyobaki peke yake isiruke. Mosquito ya kwanza kabisa, ile ya mbao iliyoruka Novemba 1940, ipo Salisbury Hall nje ya London, na nimeridhika kuitazama ikiwa imetulia. Mbao zake za tabaka na gundi yake ni ushahidi ambao hauna nakala. Bali pale ambapo zipo kadhaa, na mafundi wapo, na spea zinaweza kutengenezwa, ziruke.

Shida kubwa ni hao mafundi. Kusaga valvu kwa mkono mpaka ikae sawasawa kwenye kiti chake, kupanga cheche za magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, kwa kutumia karatasi nyembamba ya sigara iliyobanwa katikati ya pointi, kubadili gia zisizo na sinkro ya kulinganisha mwendo wake kwa kukanyaga klachi mara mbili: haya hayakai vizuri katika maandishi. Nimejaribu kuyaandika na kila mara kuna kitu kinabaki kwenye mkono. Kwa hiyo sasa, pamoja na wenzangu wachache, tunawarekodi wazee kwa video wakiwa kazini, kamera ikiwa imeelekezwa kwenye vidole, nao wakieleza wanachokisikia wakati injini inazunguka. Tunaanza na wale wenye umri mkubwa zaidi. Baada ya kila video tunamweka kijana kwenye benchi hilohilo, na mzee anakaa kando akimtazama, na kazi hairuhusiwi kwenda mbele mpaka kijana aitaje kwa mdomo hatua inayofuata.